Vifaa vya kuzamia kwa kikundi Kigoma: nunueni kile mnachoweza kukifungua wenyewe

Mkuu, umeuliza kikundi chenu cha vijana nane pale Katonga, kando ya Ziwa Tanganyika, kianzie wapi kununua vifaa vya kuzamia vya bei nafuu na vinavyodumu, ili mtoe injini za boti zilizozama na kupeleka wageni kuona samaki wa mapambo. Umesema pia mna ofa ya seti zilizotumika kutoka Zanzibar. Mimi ndiye mtunza stoo wa kikundi chetu hapa mjini, kwa hiyo naongea kama mtu wa spana, siyo muuzaji.

Wachangiaji waliotangulia wamekutajia kampuni. Sawa, lakini huku kwetu jina la kampuni linakuja baadaye. Kwanza jiulizeni: regileta, yaani kile kifaa kinachoshusha shinikizo la hewa ya mtungi ili uweze kuivuta mdomoni, ikianza kuvuja leo, nani ataifungua? Duka la kuzifanyia huduma liko pwani, na kifaa kikishapanda treni kwenda Dar hamjui kitarudi lini. Ndiyo maana nasema regileta zote ziwe modeli moja, tena ya kizamani ya pistoni, yenye vipande vichache ndani. Scubapro MK2 ni mfano mzuri. Mtungi ukikaribia kuisha utaona hewa inavutika kwa uzito kidogo, ila kwa kazi ya mita 15 au 20 hilo halimsumbui mtu. Siku hiyohiyo ya kununua, chukueni na pakiti za oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji) na vipuri vyake. Mkiwa na regileta nne za modeli nne, mtahitaji vipuri vya aina nne, na moja ikifa haiwezi kuchangia kipande kwa nyingine.

Hizo seti za Zanzibar msizikatae kwa kuwa zimetumika. Zikagueni. Fungua kifuniko cha kichwa cha regileta, pale panapofungwa kwenye mtungi, uangalie kichujio kidogo cha chuma. Kiwe cheupe cha kung'aa. Kikiwa cha kijani, maji ya chumvi yalishaingia. Kikiwa cha kahawia, kuna mtungi ulikuwa na kutu ndani. Kisha rudisha kifuniko ukaze, weka kipande cha mdomoni kinywani, uvute. Hewa isije kabisa. Ikija, kuna kiwambo (utando wa mpira wa ndani) kimechanika au mpira wa kutolea pumzi umechoka. Jaketi la kuelea lijazeni kwa mdomo jioni mliache. Asubuhi mkilikuta limenywea, mwachieni mwenyewe.

Mitungi ndiyo inayohitaji macho zaidi. Soma mihuri iliyogongwa begani: tarehe ya kutengenezwa na tarehe za kupimwa kwa shinikizo la maji, ambalo kwa kawaida hufanywa kila miaka 5. Mitungi ya alumini ya zamani ya aloi (mchanganyiko wa metali) 6351 ina tabia ya kupasuka nyufa shingoni. Luxfer ya Marekani, watengenezaji wa mitungi, iliiacha aloi hiyo mwaka 1988. Ukiuziwa mzee wa namna hiyo kwa bei ya kutupa, usichukue hata bure, maana wajazaji wengi hawatakubali kuujaza. Angalieni pia valvu ziwe za aina moja na regileta zenu, za kubana kwa nira au za kuskrubu, msije mkajikuta mnatafuta adapta Mwanga sokoni.

Halafu hewa. Hapa ndipo watu wanataka kubana pesa, nami nitakuwa mkali. Kompresa ya kujazia matairi isiguse mtungi wa mtu wa kuzamia, hata kama fundi wako anaapa kwamba ameisafisha. Shinikizo lake ni dogo mno kwa mtungi wa bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo), na mafuta yake yanaingia kwenye hewa. Kompresa halali ya hewa ya kupumua ina vichujio vya mkaa ambavyo vina umri wake, vinabadilishwa. Mdomo wa kuvutia hewa ukae mbali na ekzosi, upande unakotoka upepo. Moshi wa injini una kaboni monoksidi ambayo hainuki, na ukiwa mita 20 chini makali yake mwilini yanakuwa karibu mara tatu. Kama fedha haitoshi kwa kompresa na vifaa vyote, punguzeni vifaa.

Na vinapunguzika. Nyie ni wanane lakini hamtazama wote mara moja. Lazima watu wabaki kwenye boti. Seti nne na mitungi minane zinatosha kuanzia. Cha kila mtu ni maski, mapezi na kipande cha mdomoni. Maski iwe ya silikoni na kioo kigumu. Ibandike usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua, ikishika yenyewe inakufaa. Suti ya milimita 3 inatosha kwa maji yetu, mwenye kukaa sana chini achukue 5. Vipande vya madini ya risasi vya mkanda wa uzito nunueni kwa wauza zana za uvuvi, msiyeyushe betri za gari, mtajipa sumu. Na msinunue nyingi: maji ya ziwa yasiyo na chumvi yanabeba kidogo kuliko ya bahari, mtu aliyezoea Zanzibar akija huku anapunguza kilo mbili hivi.

Kompyuta za kuzamia, zile za kuvaa mkononi zinazohesabu kina na muda wa kukaa chini, chagueni zenye mpangilio wa mwinuko. Ziwa letu liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na majedwali ya kawaida ya muda wa kuzamia baharini hayafai juu ya mita 300 bila marekebisho. Wauzaji wa pwani hawatawakumbusha hilo, kwao halina maana.

Kabla ya kulipa, mpelekeni mmoja wenu, yule mwenye mikono mitulivu, akakae na fundi wa kituo cha kuzamia Zanzibar ajifunze kufungua na kufunga hiyo modeli mliyoichagua. Nauli na chakula chake viingizeni kwenye bajeti ya vifaa. Mitungi isafirishwe tupu, valvu zikiwa wazi. Ukipata orodha ya hao wauzaji iweke hapa na picha za mihuri ya begani, tuisome pamoja.