Fundisha kabla jukwaa halijakukinai

Wapiga selo (ala ya nyuzi ya jamii ya fidla, kubwa zaidi, inayopigwa ukiwa umeketi) wachanga huniuliza wachague nini, jukwaa au darasa. Nawashauri wachukue vyote viwili mapema. Mimi nilianza kufundisha kwa ajili ya pesa, sifichi: malipo ya tamasha huja kwa msimu, kodi ya nyumba haina msimu. Nimebaki kwa sababu nyingine.

Mtoto akilalamika kwamba sauti yake inakwaruza, kumwambia "sikiliza vizuri" hakumsaidii. Lazima uone kama upinde, ule ufito wa kusugulia nyuzi, umekaribia mno daraja la selo, kile kibao kinachoinua nyuzi, au anaukandamiza kwa vidole badala ya kuacha uzito wa mkono ushukie uzi wenyewe. Ukishalieleza hilo kwa watoto wa kila aina, unaanza kulisikia kwenye mkono wako. Bega langu la kulia lilikuwa likipanda kila nikiingia sehemu ya kasi. Nililigundua nikimrekebisha mwanafunzi.

Wazazi nao nawaomba jambo moja: msimnunulie mtoto selo kubwa mkitumaini "ataikulia". Zipo za robo, nusu na robo tatu. Chombo kikimzidi, vidole vya kushoto hutanuka kupita kiasi na kiganja hukakamaa, na tabia hiyo ni ngumu kuing'oa. Kodisheni, mbadilishe anavyokua.

Vijana wanapenda kasi. Wangu huanza na nyuzi tupu, yaani bila kuzibonyeza kwa vidole vya kushoto, upinde mzima, polepole, kuanzia uzi mzito wa C hadi ule mwembamba wa A. Wananuna. Basi huwasimulia habari za mpiga selo Pablo Casals, aliyekuta nakala ya zile suti sita (kila moja ni mfululizo wa vipande vya muziki) za selo za mtunzi Bach kwenye duka la noti za muziki Barcelona akiwa kijana wa miaka 13, akazifanyia kazi miaka 12 hivi kabla ya kuthubutu kupiga hata moja nzima mbele ya watu. Kuzirekodi zote alikuja kufanya miaka ya 1930. Wengine hununa zaidi, lakini nyuzi tupu wanapiga.

Kwako wewe unayepanda jukwaani: asubuhi iwe yako. Fanya mazoezi yako kabla mwanafunzi wa kwanza hajabisha hodi, kwa sababu baada ya madarasa mfululizo masikio huchoka kabla ya mikono, nawe utakubali noti iliyopotoka kidogo bila kujua. Siku ya tamasha usifundishe kabisa. Wape wanafunzi ratiba yako mwanzoni mwa muhula, kisha waalike waje kukusikiliza. Wiki inayofuata watakuuliza maswali ambayo hakuna mkosoaji atakayekuuliza.