Kupima ugumu wa mazungumzo kwa mtu mzima mwenye usonji

Dada, nimekuelewa: mdogo wako ana usonji, kazini wanasema "hajui kuongea na watu", nawe unatafuta kipimo cha kuonyesha anakwama wapi.

Dodoso la AQ (Autism Spectrum Quotient) ulilomjazisha, lenye maswali 50, lilitolewa na watafiti wa Cambridge mwaka 2001. Linapima sifa za usonji kwa jumla, kwa hiyo halitakujibu hilo. Anza na yeye mwenyewe. Kwa wiki mbili aandike au ajirekodi kwa sauti kila mazungumzo yakimchosha: walikuwa wangapi, kulikuwa na kelele, alikosa nafasi ya kuingia, au bosi alisema "tutaona" akimaanisha hapana? Kisha ajipe alama za uchovu, 0 hadi 10. Hizo alama msiziruke, maana wengi huongea vizuri mbele za watu, halafu jioni hawajiwezi.

Wenzake nao waangaliwe. Damian Milton, mwanasosholojia mwenye usonji, alieleza mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya wenye usonji na wasio nao kuna pande mbili. Je, wanamkatiza? Wanampa maagizo kwa mafumbo?

Daftari hilo mpelekeeni mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Ila mdogo wako akitaja kujidhuru, msisubiri wiki ziishe. Mpeleke kwa daktari wa afya ya akili siku hiyohiyo.