Jibu: Tangu nibatizwe maombi yamekauka, nifanyeje?

Bwana asifiwe, ndugu yangu. Umeuliza kama ukavu huu wa maombi maana yake Mungu amekuacha. Hajakuacha. Anza na Injili ya Marko, ina sura 16 tu; soma kipande kidogo alfajiri kabla hujashika simu. Pale 1:35 Yesu mwenyewe anaamka kungali giza, anakwenda mahali pasipo watu kuomba. Siku maneno yakigoma kutoka, soma Zaburi 13 kwa sauti. Daudi anamlalamikia Mungu waziwazi, “hata lini?”, na bado ni sala. Naipenda mno, maana haimlazimishi mtu kujifanya ana furaha. Halafu usibaki peke yako: tafuta kikundi cha maombi mtaani kwako, uwaeleze ukweli wote kama ulivyotueleza sisi.