Fundi anayebahatisha: majibu ya maswali yenu ya gereji

Maswali ya safari hii mengi yanahusu mafundi. Yale ya "gari langu lina mlio, tatizo nini?" nimeyaacha. Mlio gani? Unatoka mbele au nyuma? Ukikata kona au ukishika breki? Andikeni hayo kwanza ndipo tuzungumze.

Toyota IST yangu imefika kilomita 140,000. Fundi anasema taimingi belti imekwisha, anataka shilingi 350,000. Nilipe? (Msomaji, Tabata)

Usilipe. IST haina taimingi belti, ule mkanda wa ndani ya injini unaofanya vali zifunguke kwa wakati wake. Injini zake, kama 1NZ-FE ya cc 1,500 na 2NZ-FE ya cc 1,300, zinatumia cheni, na cheni haibadilishwi kwa kuhesabu kilomita. Inabadilishwa ikilegea na kuanza kupiga kelele. Belti unayoiona ukifungua boneti ni ya nje, inazungusha oltaneta, pampu ya maji na kompresa ya AC. Mwambie akuonyeshe kwa kidole hiyo belti anayoisema. Gari hili limejaa kila mtaa wa Dar es Salaam. Kama fundi haijui injini yake, hafai kuigusa, na kama anaijua, anakuibia.

Wenye Subaru Forester za injini ya EJ20, hili haliwahusu. Yenu ina belti kweli, hubadilishwa karibu kila kilomita 100,000, na ikikatika safarini vali zinaweza kugongana na pistoni. Fundi anayeichungulia tu na kukwambia "bado nzima, endelea nayo" ni wa kumkimbia pia.

Gari lilikuwa linachemsha. Fundi akatoa themostati na kuunga feni moja kwa moja. Sasa halichemshi, ila linakula mafuta vibaya. Shida ni nini? (Msomaji, Morogoro)

Shida ni huyo fundi, na hili nitalisema mpaka mnichoke.

Najua alivyokwambia: "Themostati ni ya nchi za baridi, hapa kwetu haina kazi." Karibu kila gereji ya chini ya mwembe utalisikia neno hilo. Si kweli. Themostati ya magari mengi ya Toyota huanza kufunguka kwenye nyuzi joto 82 hivi. Joto la Morogoro mchana halikaribii hapo. Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto la kufanyia kazi. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto, na ukiwa barabara kuu inaweza isilifikie kabisa. Kompyuta ya gari ikisoma ubaridi inazidisha petroli. Ndiyo mafuta unayoyalalamikia. Oili nayo inachafuka mapema na injini inalika.

Feni iliyoungwa moja kwa moja inazunguka tangu unawasha gari mpaka unazima, na waya zilizoungwa ovyo, bila fyuzi wala rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), ndizo zinazoyeyuka na kuunguza magari.

Na kilichokuwa kinachemsha gari bado kimo humo. Rejeta imeziba? Maji yanavuja? Pampu imechoka? Mfuniko wa rejeta haushiki presha? Feni ilikataa kwa sababu ya mota, rilei au sensa? Hakuna alichopima. Hata themostati yenyewe kuipima hakuhitaji mashine: unaitumbukiza kwenye sufuria ya maji, unabandika jikoni, unatazama. Maji yakikaribia kuchemka, ile sahani yake ya katikati inasukumwa taratibu na nafasi inaonekana. Isipofunguka ni mbovu, unanunua nyingine. Kazi ya robo saa.

Tafuta fundi mwingine arudishe themostati, arudishe feni kwenye mfumo wake, kisha apime presha ya maji. Kagua pia oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, huenda gasketi ya silinda hedi imeshaungua. Na yeyote anayefungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto, mzuie. Watu wameungua nyuso kwa hilo.

Taa ya injini iliwaka. Fundi akachomeka mashine, ikasema sensa ya oksijeni. Tumebadilisha, taa imezima siku mbili na kurudi. Mashine imekosea? (Msomaji, Arusha)

Mashine haikukosea, ila haikusema mbadilishe sensa. Inatoa namba ya hitilafu, na namba inakuonyesha pa kuanzia kutafuta. Chukua P0171: maana yake ni hewa nyingi, mafuta machache. Inaweza kuwa mpira wa hewa umepasuka, pampu ya mafuta imechoka, au sensa ya hewa imechafuka. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyotoa taarifa, nanyi mkaitoa yenyewe. Taa ilizima kwa sababu fundi alifuta kumbukumbu. Kufuta si kutengeneza. Siku nyingine omba namba uiandike, kisha muulize: umepima nini kabla ya kunituma dukani?

Nikiomba spea ya zamani fundi ananuna. (Msomaji, Mbeya)

Anune. Ni mali yako. Na umwambie kabla kazi haijaanza.

Nissan X-Trail yangu T31 ya CVT (gia otomatiki isiyo na hatua) imewekewa haidroliki ya kawaida ya gia. Fundi anasema zote sawa. (Msomaji, Mwanza)

Si sawa hata kidogo. Gia hiyo inataka oili ya CVT ya NS-2 au inayokubalika badala yake. Usiliendeshe, livutwe likasafishwe gia na kuwekewa oili sahihi. Kila kilomita unayoongeza inaila gia, na gia ya kununua upya itakutoa jasho.

Gari limelala gereji, nahisi betri si ile yangu. (Msomaji, Mbagala)

Bila ushahidi utabishana bure. Kabla ya kuacha gari popote, piga picha betri na namba zake, matairi, geji ya mafuta na kilomita, fundi akiona. Hela ya spea nayo usimtumie kwa simu. Nenda dukani mwenyewe, dai risiti ya EFD.

Fundi asiye na cheti cha VETA ni kanjanja? (Msomaji, Dodoma)

Hapana. Wapo waliojifunzia gereji tangu utotoni na wanajua kazi, na VETA yenyewe ina utaratibu wa kuwapima watu wa namna hiyo na kuwatambua rasmi. Mwangalie gari linapofika. Anayeuliza tatizo lilianza lini, analiwasha, anasikiliza, anatoa mita na kupima, mwachie. Anayetaja bei ya spea kabla hajafungua boneti, geuza gari.