Dada, usisaini bado

Nimekuelewa: prodyuza anataka sauti yako, lakini kwenye video atamweka mwanamitindo. Hilo lilimkuta Ya Kid K, mzaliwa wa Kinshasa, katika kundi la Technotronic la Ubelgiji. Mwaka 1989 aliimba “Pump Up the Jam”, lakini kwenye video watu wakamwona mwanamitindo Felly akiigiza kuimba. Baadaye Ya Kid K alitambuliwa, ila inaniuma kwamba haikuwa tangu mwanzo. Mwimbaji Mmarekani Martha Wash, aliyeliimbia kundi la Black Box la Italia, naye ilibidi aende mahakamani ili atambuliwe.

Dai jina lako liandikwe kama mwimbaji, na mgawo wako wa mirabaha, yaani malipo ya wimbo unapouzwa au kupigwa, uwe kwenye maandishi kabla hujarekodi. Akikwambia “tutaelewana baadaye”, ondoka. Mkataba mpelekee wakili anayejua hakimiliki, tena wakili wako, si wa prodyuza.