Jini wa kwenye taa na jini wetu wa pwani, ni ndugu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu anapenda katuni ya yule jamaa anaetoka kwenye taa, kiingereza wanamwita genie. Nikamwambia ndo jini huyo, bibi yake akasikia akawaka, eti jini gani anacheka cheka na kugawa zawadi. Nani yuko sahihi? Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Bibi kakuzidi kidogo. Hilo genie halijatoka kwenye jini, ni la Kifaransa, génie, na Wafaransa wamelitoa kwenye Kilatini, genius, ambae kwa Warumi wa zamani alikuwa mzimu mlinzi wa mtu toka anazaliwa mpaka anakufa. Alikuwa hajuani kabisa na jinn wa Waarabu. Aliewakutanisha ni Mfaransa mmoja, Antoine Galland, alipokuwa anatafsiri Alfu Lela Ulela, vitabu vilitoka kuanzia 1704 mpaka 1717, kila akikutana na jinn anaona kwao kuna neno linasikika hivyohivyo na maana haiko mbali, basi akaweka hilo na Waingereza nao wakalibeba.

Tena hiyo hadithi ya Aladini, kijana mwenye hiyo taa, Galland hakuikuta kwenye maandishi ya Kiarabu, alisimuliwa palepale Paris mwaka 1709 na Hanna Diyab, Msyria wa Aleppo. Na humo hakuna cha maombi matatu, Aladini anaomba mpaka basi, na majini wenyewe wako wawili, mmoja wa pete mmoja wa taa.

Waliokopa jinn mwenyewe ndo sisi na wenzetu. Kwa Waarabu mzizi wake ni kufichika, ndo maana mtoto alieko tumboni ni janin na bustani iliyofunikwa na miti ni janna, na alieingiliwa na jinn ni majnun, sisi tunasema majinuni. Mswahili alivyosikia jinn hakuhangaika, kama kuna jina na majina basi kuna jini na majini. Wahausa wao walimzoa pamoja na al yake, ile Waarabu wanayotanguliza mbele ya jina, wanasema aljani, wakiwa wengi aljanu. Wamalei wanasema jin tu.

Sasa hasira za bibi. Jini anaemjua yeye ni wa kwenye Qurani, ameumbwa kwa moto, na ana sura yake kabisa, ya 72, aya 28, inaanza na kundi la majini waliosikia Qurani ikisomwa wakaamini. Kwa hiyo kuna waumini na kuna makafiri, wanaulizwa matendo yao kama sisi. Hao wa kutumwa kazi wapo pia, alipewa Nabii Suleiman, sio kila mtu na kitaa chake. Na hapo kwenu Tanga mtu akiambiwa ana jini watu wanatafuta ubani na mganga au shehe wa kumsomea, hawakai kuomba gari. Mimi ningemwacha mtoto aangalie katuni yake, ila jioni bibi amhadithie na wa kwake.

SWALI: Ghoul wa kwenye sinema za kutisha je, nae Mwarabu?

JIBU: Huyo Mwarabu kabisa, ghul, wa jangwani, anajigeuza maumbo na kupoteza wasafiri njia, kwa kwetu ningemweka karibu na zimwi. Ile tabia ya kula maiti makaburini Ulaya waliipata kwa Galland huyohuyo. Na yuko hadi angani, kuna nyota Waarabu waliita Ras al-Ghul, kichwa cha ghul, wazungu wakaifupisha ikawa Algol. Ina kituko chake, kila baada ya siku 3 kasoro kidogo inafifia kwa masaa kadhaa halafu inarudi kung'aa, kumbe ni nyota mbili zinazungukana na ile hafifu ikipita mbele inaziba mwanga wa mwenzie.

SWALI: Mwalimu, na gin, ile ya baa? Maana jini wa kwenye chupa kila mtu anamsema.

JIBU: Hahaha hapana. Hiyo ni kifupi cha genever, pombe ya Waholanzi, imeitwa hivyo kwa sababu ya tunda linalotiwa humo, mti wake kwa Kilatini ni juniperus. Ila Waturuki wanaandika zote mbili cin, na c yao wanaisoma j, sasa ukifika Istanbul ujieleze vizuri kwa mhudumu.