Kwa nini mnamwamsha mama wakati bado yuko kwenye mashine?

SWALI: Shikamoo dada. Mama yangu alifanyiwa upasuaji wa tumbo, hali ikabadilika, na sasa anapumua kwa mashine. Alipoingia mapafu yake yalikuwa mazima. Siku ya nne tukaambiwa ana nimonia, na kaka yangu anasema hospitali ndiyo iliyomletea ugonjwa. Mimi kinachoniumiza zaidi ni kwamba kila asubuhi wanampunguzia dawa ya usingizi. Anafumbua macho, anahangaika, machozi yanamtoka. Kwa nini wasimwache alale mpaka apone? Na sisi ndugu kuna la kufanya, au tukae tu tukisubiri? (Binti wa mgonjwa)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Nimeuguza wagonjwa mahututi miaka mingi, na swali la kaka yako nalisikia karibu kila mwezi. Ana haki ya kuliuliza. Nianze nalo.

Mashine yenyewe inasukuma hewa tu. Tatizo liko kwenye mpira uliopita mdomoni ukaingia kwenye koo la hewa. Wewe na mimi tukipaliwa na mate tunakohoa, yanatoka. Mama hawezi. Mpira umepita katikati ya nyuzi za sauti, kwa hiyo njia ya kwenda mapafuni haifungi usiku wala mchana, na dawa ya usingizi imekilaza kikohozi. Karibu na ncha ya mpira kuna kiputo kinachojazwa hewa ili kuzuia mate yasishuke. Kinazuia mengi, lakini hakizuii yote. Mate yenye bakteria yanatuama juu yake, kisha yanapenya kidogo kidogo pembeni. Ndani ya mpira nako bakteria hujenga utando ambao dawa huupata kwa shida.

Nimonia ikianza saa 48 au zaidi baada ya mpira kuwekwa, tunaihesabu kuwa imetokana na hali hiyo. Siku ya nne inaingia humo, ingawa daktari ataangalia pia kama mama alipaliwa na matapishi kabla ya mpira. Mwambie kaka kwamba nimonia hii peke yake si ushahidi wa uzembe, maana hutokea hata pale kazi inapofanywa vizuri. Ila pale kazi inapofanywa vizuri hutokea kwa nadra zaidi, na mnaruhusiwa kuuliza inafanywaje.

Sasa hilo la kumwamsha. Najua linavyouma kulitazama, na hata hivyo nakuomba usiwaombe waache. Kinga kubwa kuliko zote ni mpira kutoka mapema, na hatuwezi kujua kama mama yuko tayari kujipumulia ikiwa amelala fofofo. Utafiti wa wagonjwa 336 uliochapishwa mwaka 2008 kutoka hospitali za Marekani uliunganisha mambo mawili kila siku: kumpunguzia mgonjwa usingizi, kisha kumjaribu kupumua mwenyewe. Waliofanyiwa hivyo walikaa siku chache kwenye mashine, na baada ya mwaka mmoja wengi zaidi walikuwa hai. Wapo wasiostahili kuamshwa, kwa mfano mwenye degedege au shinikizo kubwa ndani ya kichwa. Madaktari humpima kila mmoja kwanza.

Hapo ndipo unapohitajika. Omba uwepo saa hiyo. Mwite jina analolizoea, mwambie yuko wapi, na kwamba hawezi kuongea kwa sababu ya mpira na sauti itarudi. Mara nyingi hofu inatokana na hilo: mtu anaamka, anataka kusema, hakuna kinachotoka. Mshike mkono, kwa faraja na pia asiuvute mpira. Akitulia kwa sauti yako, huenda asihitaji kuongezewa dawa.

Tazama na kitanda. Kichwani kinatakiwa kiinuke nyuzi 30 hadi 45 ili vya tumboni visipande kooni, isipokuwa daktari amekataza. Ndugu wengi wanakishusha kwa huruma, wakidhani mgonjwa atapumzika. Usikishushe hata kidogo. Tena usidanganywe na mto. Angalia nyonga zake zilipo: zikiwa zimeteleza kuelekea miguuni, kitanda kimeinuka lakini kifua chake hakijainuka, na shingo imejikunja. Waite wauguzi wamvute juu. Usimvute mwenyewe, mpira unaweza kusogea.

Halafu kinywa. Kwangu hii ndiyo kazi inayodharauliwa kuliko zote. Uliza kama mama anapigwa mswaki, maana kufuta midomo kwa pamba hakuondoi uchafu uliogandamana kwenye meno. Inavyotakiwa, muuguzi anahakikisha kwanza kiputo kina hewa ya kutosha. Anapima shinikizo la hewa hiyo kwa kipimo chake, liwe kati ya sentimita 20 na 30 za maji, wala hakisii kwa kubonyeza vidole. Anachukua mswaki mdogo laini na maji kidogo sana. Mkono mmoja unasugua meno, fizi na ulimi, mwingine umeshika mrija wa kufyonza ili tone lisibaki nyuma ya koo. Mwishoni anausogeza mpira upande wa pili wa mdomo, kwa msaada wa mwenzake, ili usichubue pembe ya mdomo. Asiye na meno naye husafishwa fizi na ulimi.

Msiwaletee dawa ya kusukutua. Klorheksidini ilitumika miaka mingi kwenye wodi hizi, lakini mwongozo wa wataalamu wa Marekani wa mwaka 2022 unashauri mswaki bila dawa hiyo, kwa wasiwasi kwamba huenda inaongeza vifo.

Mikono mnaijua: takaseni kabla ya kumgusa na baada ya kumgusa. Na mkiona mirija ya mashine haibadilishwi kila siku, msihofu. Hubadilishwa ikichafuka au ikiharibika.

SWALI: Baba yuko wiki ya pili kwenye mashine. Wanataka kumtoboa shingo ili mpira upite hapo. Je, itamkinga na nimonia? (Msomaji, mtoto wa kwanza)

JIBU: Usikubali kwa sababu hiyo peke yake. Mpira wa shingoni nao una kiputo, na mate yanaweza kupenya vilevile. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 2013 ulilinganisha waliotobolewa ndani ya siku 4 na waliosubiri siku 10 au zaidi. Vifo havikutofautiana, na baadhi ya waliosubiri hawakuhitaji kutobolewa kabisa. Faida iko kwingine: dawa ya usingizi hupungua, kinywa kinasafishika vizuri, na baba anaweza kukaa na kuanza mazoezi. Waulize madaktari: mmeshamjaribu kupumua mwenyewe mara ngapi, na nini kilimshinda? Jibu la hapo ndilo litakalowaonyesha kama wakati wa kutoboa umefika.